Wanaolala Chini ya Lambo

Mkaguzi kaja na pikipiki toka Masasi,
kapima tuta la Bwana Lipunju, la udongo mtupu,
alilolichimba mwaka ule korosho zilipopanda bei.
Shimo la panya buku: kaingiza mkono hadi kwapani.
Mwarobaini umeota mgongoni mwa tuta.
"Hayo," kasema, "yanatibika."

Kisha kayapa maji kisogo,
katazama huku chini:
bati langu, karakana ya fundi Chilumba,
chekechea iliyoezekwa juzi.
"Hapa hulala wangapi?"

Zamani lambo hili lilikuwa daraja la tatu.
Chini yake palikuwa na mihogo,
na mihogo hakuna aihesabuye.
Tuta halijaongezwa hata beleshi moja.
Tulioongezeka ni sisi.

Nikahesabu vidoleni. Saba.
Esha akapita na ndoo, tumbo limemtangulia.
"Andika nane," nikasema. "Mpaka mvua za Januari, nane."

Akaandika kwa penseli.
Daraja la kwanza akaliandika kwa wino.

Usiku nikahamishia kitanda ukuta wa pili,
kana kwamba maji
hupiga hodi.