Kistari Kimoja

Alikuja Jumanne, saa mbili unusu, Mutegi wa kabichi,
pikapu yake ikinuka udongo wa Kinangop,
akaegesha mbele ya kibanda changu, Barabara ya Kirinyaga,
kati ya wauza springi na Kwamboka wa chapati.
"Fundi, nataka kioo kipya. Chenye rangi.
Hiki cha kijani kinanizeesha."

Injini hakuwa na neno nayo. Injini aliisifu
kama mtu anavyomsifu mkwe asiyeomba kitu:
"Hii, Akeyo, ikipanda mlima inapoa.
Tambarare, sitini na nane. Nikifika Flyover
na tani nzima mgongoni, hamsini na nane.
Umewahi kuona?"

Sikuwa nimewahi.
Niliguna tu, nikatafuta bisibisi.

Kabla ya kung'oa huwa nawasha kwanza;
mgonjwa husalimiwa ndipo adungwe.
Namba zikapanda: hamsini, sitini,
kisha saba ikaja nusu nusu,
paa juu, mguu chini, bega hakuna.
Nikajisemea, kweli kioo kimechoka,
nikazima.

Kidhibiti kilijificha chini ya dashibodi, kimefungwa kwa mpira wa tyubu,
kasha la bati, upana wa kitabu cha risiti.
Skrubu nne, moja imeliwa kichwa.
Ndani, vumbi jekundu
na buibui mkavu aliyejifia kando ya transista.
Nikapasha chuma, nikanyonya risasi ya zamani pini kwa pini,
kumi na sita,
Shikuku ameshika tochi, ananipumulia sikioni.
Kioo kipya kilitoka Luthuli, elfu nne mia tano
baada ya kubishana hadi muuzaji akaniita shemeji.
Nyaya sita tu. Kikawaka buluu,
buluu ya sare ya shule siku ya kwanza,
na Mutegi akacheka, akalipa bila kuomba kupunguziwa,
akaondoka kabla injini haijapata joto.

Alhamisi alirudi bila kabichi.
Hakunisalimu.
"Umeniharibia gari.
Flyover, tisini na nane! Nyekundu! Inapepesa kama polisi!
Miaka mitatu sijaona homa,
wewe umeniwekea homa kwa pesa yangu."

Ningeweza kupandisha sauti, ninayo.
Lakini ile saba isiyo na bega ilinirudia.
Nikamwomba Kwamboka kiberiti,
nikapanga njiti saba juu ya boneti: nane.
Nikaondoa moja, ya juu kulia: sita.
Nikapanga tisa. Nikaondoa ileile: tano.

Alitazama.
Nikapanga tena, polepole, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeanza kusoma
kabla yake.

"Kwa hiyo sitini na nane..."
"Themanini na nane."
"Na mlimani..."
"Mlimani ulikuwa unachemka, Mutegi, nawe unashukuru."

Wahenga walimwonya mficha maradhi.
Huyu hakuficha. Alisoma kila siku, kwa sauti,
akawasimulia watu wa Soko Mjinga, akawabeza wenye magari mapya.

Tulifungua rejeta. Nusu ya mirija ilikuwa matope,
na maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi.
Shikuku akapiga mluzi, nikamkanyaga mguu.
Mutegi aliketi juu ya tairi kuukuu
akihesabu kitu kwa vidole, safari labda,
au gasketi, au watoto aliowahi kuwapandisha mbele kwenda shule.
Kisha akauliza, chini sana, kama anayeuliza bei ya jeneza,
kama kile cha kijani bado ninacho.

Kilikuwa kwenye mkebe wa vyuma. Nikampa.
Akakifuta kwa shati, akakitia mfukoni.

Kwamboka alikuja kudai kiberiti chake.
Akazoa njiti zote pale bonetini, nane na tisa pamoja,
na ile moja iliyobaki kando, kistari,
akaikwaruza papo hapo, akawashia jiko.