Huenda

Redio inasema kwa Kiarabu, mimi namfasiria shangazi:
alasiri mawingu yatapanda juu ya Hajar,
manyunyu, upepo wa vumbi, huenda radi.
"Huenda?" ananikatiza. "Huenda ndiyo nini?
Mvua huja, au haiji."

Kazaliwa Wete. Huko masika hayana huenda.
Hapa Ibra, mwaka wa arubaini huu anaanika ndimu juani,
na bado hulitazama wingu la Mei
kama mgeni asiyetaja jina.

Saa tisa mlango wa bati ukajibamiza.
Vumbi likaingia bila hodi, likakaa ndani ya kahawa.
Kisha matone, mazito, ya kuhesabika:
moja juu ya gari,
moja kwenye kole la tende mbichi,
saba juu ya ndimu zetu.
Nikakimbilia sinia. Yeye akakimbilia simu.

"Zahran, uko wapi? Kwenye nguzo ya wadi
maji yamefika weupe au wekundu?"

Wekundu, mama.

"Basi geuza gari. Kalale Mudhaibi kwa mkweo,
hata kama mmenuniana."

Radi ikapasua. Umeme ukakatika.
"Kafungue mlango," akasema gizani.
"Huenda wako amefika."