Maneno Elfu Mbili

Swali lina mstari mmoja tu:
Fafanua utu katika utunzaji. Maneno elfu mbili. Marejeo yasipungue kumi.

Nina miaka hamsini na minne.
Ishirini na tisa kati yake imeliwa na tanuri la chuma,
lililozimwa Alhamisi moja, bila hotuba, mvua ya Wales ikinyesha.
Wenzangu walikwenda kuendesha malori.
Mimi nikajaza fomu.
Binti yangu Lowri alicheka hadi akakohoa:
"Baba, wewe? Shahada? Ya afya na ustawi wa jamii?"
Kisha akaninunulia mkoba.

Darasani naketi karibu na hita.
Kushoto kwangu Carys, miaka kumi na tisa,
huandika bila kutazama vidole.
Mimi nazidonoa herufi moja moja, kuku na punje.
Dakta Bowen asema: ridhaa, uhuru wa mteja, faragha.
Nayaandika yote matatu, nayapigia mstari.
Hayaniambii kitu.

Jumatatu hadi Jumatano ni mafunzo ya vitendo,
makao ya wazee juu ya kilima.
Na chumba namba saba, ee bwana, yumo Idwal Prosser.
Idwal! Msimamizi wa zamu ya usiku,
aliyenikata mshahara wa nusu siku
kwa kuchelewa dakika nne.
Sauti yake ilipanda juu ya mngurumo wa tanuri;
sasa haivuki ukingo wa blanketi.
Vifungo vya shati vimemshinda. Jina langu pia.
Ananiita "kijana".
Zamani vilevile aliniita kijana,
kwa hiyo hapo hatujapoteza kitu.

Asubuhi ya kwanza ya kumwogesha
nilifuata hatua zote za kitabu:
nilibisha hodi, nikajitambulisha,
nikapima maji kwa kiwiko, nikaomba ridhaa.
Akatazama dirishani, kule kwenye minara isiyotoa tena moshi.
"Fanya haraka," akasema.
Nikamvua.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama,
ndivyo isemwavyo.
Lakini magoti ya Idwal hayakunjiki.
Akabaki kasimama, kashika chuma cha ukutani,
mweupe kama unga,
mbele ya mtu aliyekuwa akimwogopa.

Basi nikachutama mimi.

Nilichutama pale kwenye vigae vilivyolowa,
macho yangu usawa wa miguu yake,
nikaosha vidole kimoja kimoja,
na katikati ya kidole na kidole,
nikakuta kovu la moto juu ya kisigino,
pacha wa kovu langu.
"Hili la mwaka gani?" nikauliza, bila kuinua macho.
Akaniambia mwaka. Akaniambia zamu.
Akanitajia mtu aliyemvuta, na alichomwambia mtu huyo baadaye,
na kile ambacho hakuwahi kumwambia.
Alizungumza hadi maji yakapoa,
nami sikuinuka mpaka taulo lilipomfunika.

Usiku ule niliandika maneno mia tisa bila kunywa chai.
Lowri akanisaidia koma.
Kisha nikafuta mia nne:
siri za Idwal si zangu kuziuza kwa alama.
Hapo neno faragha likaniambia kitu.
Palipobaki wazi nikapajaza nukuu.

Insha imerudi. Hamsini na nane kwa mia.
Pembeni, kwa kalamu ya kijani:
"Aya ya tatu ina uhai. Chanzo chake nani? Weka marejeo."

Nimekaa nayo tangu magharibi, chai imefanya utando.
Naandika: Prosser, I.
Nafuta.
Kesho nitapanda kilima, nibishe hodi namba saba,
nimwombe ruhusa.
Au nisimwombe. Nimnyoe ndevu tu,
taratibu, chini ya kidevu ambako ngozi imelegea,
na hamsini na nane itoshe.