Kusubiri Upepo

Saa tatu kasoro waliisukuma machela,
gurudumu moja likilia kama cherehani isiyo na mafuta.
Aikaruwa hakugeuka. Alishika shuka kwa vidole viwili,
vilevile anavyoshika ndara zake akivuka mto Rau.

Nesi akanikabidhi hereni zake ndani ya glavu.

Jumatatu alisema, "Baba, tumbo."
Nikasema, "Tumbo la hesabu hilo. Vaa sare."
Jumanne alisema tena, sikuinua macho:
nilikuwa natia pindo sketi za watoto wa watu,
dazeni mbili, mteja yuko mlangoni.
Jumatano hakusema.

Utumbo umejisokota, daktari alinieleza,
akiupinda mrija mbele yangu hadi ukajifunga.
Nikatia sahihi. Mkono haukuwa wangu.

Kwenye benchi mama mmoja wa Himo anamenya chungwa,
ganda halikatiki, refu, linashuka mpaka sakafuni.
Siwezi kulitazama.
Nyuma ya jengo, wanasema, Mlima leo umetoka mweupe.
Wautazame wao. Mimi nina mlango.

Saa tano. Saa saba.
Mlango unafunguka: ndoo na fagio.
Saa nane na robo, daktari, barakoa imeshuka kidevuni:
"Tumekata kipande. Kilichobaki ni kizima."

Siku ya pili, ya tatu, hali, hanywi,
midomo tunailowesha kwa pamba.
Mpaka ajambe, wamesema, ndipo tutajua njia iko wazi.
Basi wodi nzima inasubiri upepo wa mwanangu.
Bibi yake kwa simu kutoka Kibosho: "Bado?"
Nesi wa zamu: "Bado?"
Mchungaji alikuja, akafumba macho,
akaomba kila kitu ila hicho.

Alfajiri ya nne nikausikia,
mdogo, kama uzi unaokatwa kwa meno.
Akacheka, akashika tumbo, kicheko kinamuuma.

Nikautazama mshono. Mimi ni fundi, siwezi kuacha.
Fundo la saba limekwenda upande. Nikanyamaza.

Ndipo nikatoa mfukoni jani la isale
nililolichuma mpakani usiku ule, limenyauka, limekunjwa mara nne.
Kwetu ukilileta hili, uliyemkosea hakatai.
Nikaliweka juu ya shuka.
Akaligeuza, akalinusa.
"La mbuzi?"
La kwangu, nikasema. La Jumatatu.

"Na Jumanne," akasema.