Skrubu ya Kumi na Moja

Mtera, Oktoba. Maji yamerudi nyuma
hatua mia mbili na ushee toka tulipofunga mwezi wa tano.
Boti imelala ubavu juu ya tope lililokauka likapasuka
kama kisigino cha mkulima,
nami nimechuchumaa nyuma yake na bisibisi,
nahesabu kutu.

Niliinunua kwa karanga. Magunia thelathini na mawili,
misimu miwili, na mbuzi mmoja wa nyongeza
kwa kuwa muuzaji aliapa injini haijawahi kufunguliwa.
Ilikuwa imefunguliwa.
Ndani tulikuta nati ya baiskeli.

Ndahani, fundi pikipiki wa Chipogolo,
hajui kuogelea wala hana nia ya kujua.
Chombo hiki anakisoma kwa kukigonga:
hapa pazima, hapa pamelewa maji,
hapa (anagonga tena, anatega sikio)
hapa panakudanganya.

Nasikia watu wa pwani wana jina kwa kila kipande:
omo, tezi, mataruma.
Sisi tuliokua nyuma ya ng'ombe tunasema
pua, mgongo, mkia.
Kile chuma cha kufungia kamba, chenye pembe mbili,
Ndahani alikiita ndama siku ya kwanza,
kikabaki ndama.

Ndama wa kushoto amevunjika pembe.
Wa kulia anacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Bawaba za kifuniko cha tangi zimeliwa,
waya wa usukani umechanua nyuzi,
na kizibo cha kutolea maji kilipopotea
tuliziba kwa gunzi, msimu mzima,
na gunzi, nasema kweli, halikutuaibisha.

Nikapanda basi kwenda Dodoma mjini.
Majengo, kisha Sabasaba, jua la saa saba,
duka hadi duka, ndama mfukoni akinitoboa paja.
"Cha gari gani hiki?"
"Cha boti."
"Boti?" Muuzaji akachungulia nje
kama aliyeambiwa bahari imefika Nkuhungu.
Akaniuzia bawaba za kabati.
Pole alinipa bure.

Basi tukayeyusha.
Nilichukua sufuria ya mama, ile iliyotoboka
(nilijisemea imetoboka),
Ndahani akaisubu katika mchanga wa korongoni,
akatoka ndama mweupe, mzuri, wa moto bado.
Tulipovuta kamba akainama
kama mkwe anayesalimia.
"Sufuria ni laini," akasema Ndahani, "imezoea ugali."
Mara ya pili akayeyusha pistoni ya fuso lililofia Fufu.
Huyu hakuinama.
Mama bado anauliza sufuria yake.

Skrubu kumi zilitoka:
sita kwa mafuta ya taa, mbili kwa nyundo,
mbili kwa matusi ya Kigogo nisiyoyaandika hapa.
Ya kumi na moja, chini kabisa, karibu na mkia, ikakataa.
Tuliipasha moto. Tukailaza na oili ya breki usiku kucha.
Asubuhi kichwa chake kilikuwa kimeviringana,
laini kama kokwa ya zambarau, hakishikiki.
Ndahani akaweka bisibisi chini.
"Huyu ndiye anayeishika boti nzima," akasema.
"Sisi wengine wageni."
Akaipaka lami, akaenda kunawa.

Jumatatu vijana saba waliisukuma hadi majini
kwa ujira wa soda na kelele.
Injini ilikubali mvuto wa sita.
Nikapita polepole katikati ya miti mikavu
inayosimama ndani ya bwawa toka bonde lilipofurika,
ile iliyonikatia pini ya pangaboi mara mbili mwaka jana,
nikawa nasikiliza kila kilichokuwa kikipiga kelele
na sasa kimenyamaza.

Chini ya unyayo wangu wa kushoto pana unyevu,
duara dogo, saizi ya sarafu ya mia mbili.
Nimeweka kopo.
Kwenda Migoli na kurudi, na perege ndoo nne:
nusu kopo.