Safu ya Umri

Makao makuu wametuma fomu:
jina, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, kaunti.
Nimekaa ndani ya kontena, feni imekufa tangu Jumanne,
nje mtambo unasaga mwamba wa Menengai
na meza yangu inatetemeka pamoja na chai.

Naanza na Wekhuyi, mkuu wa zamu ya usiku.
"Hamsini na tisa," asema, "andika hivyo,
ingawa magoti yana sabini."
Simatwa, hamsini na saba.
Nyarangi, hamsini na sita; sikio la kushoto
aliliacha kisima cha nne, siku mvuke ulipofumuka.
Msemeshe upande wa kulia.

Nashusha kidole: hamsini, hamsini na moja, hamsini,
kisha shimo.
Wenye thelathini na kitu hawapo.
Nawajua waliko, barua zao niligonga muhuri mimi:
Kimosop, Barasa, yule Mwangome wa vipimo vya tope.
Wako kwenye majukwaa ya baharini, Angola, Katari,
siku ishirini na nane majini, ishirini na nane nyumbani,
na mshahara ambao hatuutaji hapa kwa sauti.
Barasa alipiga simu ya video, nyuma yake maji matupu.
Akauliza kama ugali bado anasonga Mama Rehema.
Tukasema ndiyo.
Akanyamaza, au mtandao ulikatika.

Safu ya jinsia: Me, Me, Me, Me.
Nikiisoma kwa sauti, kontena lageuka zizi la mbuzi.
Ke ni watatu: mimi, Mama Rehema wa jikoni,
na Muhonja.

Muhonja, ishirini na nne, Vihiga.
Wiki ya kwanza hapakuwa na ovaroli ya kimo chake;
alikunja miguu ya suruali akaifunga kwa waya.
Choo cha wanawake kiko nyuma ya jiko,
hatua mia nne na kumi na mbili.
Alizihesabu mwenyewe, akaniletea kwenye kipande cha katoni.
Nikakibana kwenye fomu.
Fomu haina safu ya hatua.

Juzi usiku niliwaona, yeye na Wekhuyi,
viganja vyao vimelala juu ya chuma cha mtambo.
"Masikio yatakudanganya," mzee alikuwa akisema.
"Hapa. Ukianza kutetemeka hivi, mwamba umebadilika."
Hakuna aliyemtuma afundishe. Posho yake haipo.
Machi anastaafu, amenunua ng'ombe wawili Webuye
na hajui kukaa kitako.

Swali la mwisho: Mpango wa kurithisha ujuzi?
Nafasi waliyoacha inatosha maneno matatu.
Nimeandika: Zamu ya usiku.

Giza limeingia nikiwa bado nahesabu.
Chai kikombeni imebadilisha mawimbi yake.
Naweka kiganja mezani, natega,
sielewi kinachosemwa,
na kabla sijainua kichwa
mtu huko nje ameshapaza sauti wasimamishe mtambo,
sauti nyembamba,
na chuma chote kile kimetii.