Kadi Zinazochomoka

Ninafanya kazi kwa mchapishaji wa kadi za harusi,
ghorofa ya chini, Barabara ya Kirinyaga,
na manila inayobaki kando ya kisu
hurudi nami Pangani ndani ya bahasha.
Kila kipande, kanuni moja. Si mbili.
Ukiandika mbili kwenye kadi moja zitaoana,
na siku ukitaka kuitoa moja
utapewa talaka na zote.

Hivyo ndivyo nilivyoujenga mchezo wetu:
si kitabu kilichoshonwa mgongo,
ila kopo la biskuti lenye kutu pembeni.
Ndani mna njaa. Mna deni. Mna mvua.
Mna hofu, yenye dadu lake jekundu.
Mna uganga, na mna kusema uongo.
Jumamosi, kabla ya kurusha lolote,
tunaulizana: leo tunacheza na nini?
Khadra huchomoa njaa kila Ramadhani.
"Hiyo ninayo tayari," husema, nasi tunacheka,
na mchezo hauanguki.

Kanuni ya mizigo (kilo ngapi begani,
hatua ngapi kabla ya kupumzika)
hakuna aliyeipenda. Osewe aliikunja mara nne
akaisukuma chini ya mguu mfupi wa meza.

Nilijivuna. Niliwaambia
mchezo mzuri ni nyumba ya mabati:
toa bati moja, utaona mawingu,
lakini hutafukiwa.
Osewe, anayepaua nyumba kule Ruai,
alitafuna kwanza, akameza.
"Kuna bati," akasema, "na kuna kenchi."

Wiki tuliyotoka Nyamira kumzika kakake,
Sarange alikuja na chapati kwenye kitambaa
akakaa mahali pake. Stima ikapotea.
Kwa mwanga wa simu nilipekua kopo,
nikaipata kadi moja, nikaitia mfukoni:
kanuni ya kifo.
Nilidhani hiyo ni adabu.

Tukaingia bonde la mto mkavu, watu wetu wanne.
Wenye mapanga wakatoka mawe kwa mawe.
Dadu likaangukia moja.
Hakikutokea kitu.
Tukarusha jekundu la hofu: tuogope nini?
Mganga wa Khadra akafungua mkoba wake,
akaufunga. Deni nalo likalegea,
maana nani hukimbizana na mtu
mwenye milele nzima ya kulipa?
Hata uongo ulipoa kama chai.
Hapo nikauona mshono nisioushona mimi:
kadi zote, kila moja na mipaka yake,
zilikuwa zimeiegemea ile moja
gizani mwa kopo, bila kuniambia.

Sarange akaacha kurusha.
"Gakenia," akasema, "rudisha."
Sikuuliza nini. Kadi ilitoka na joto la paja langu.
Akailaza mezani, maandishi juu,
akaomba kalamu na kipande kitupu,
akaandika kwa mwandiko wa darasa la nne:

Aliyekufa hapotezi zamu.
Ikimfikia, wenzake wataje
kitu kimoja alichopenda kula.
Kisha muendelee.

Osewe alisoma mara mbili, akauliza kifundi:
"Hii imeshikana na ipi?"
"Haijashikana na yoyote. Mnaweza kuitoa."

Ni miezi minane. Kifuniko cha kopo hakifungi tena.
Mvua tuliipa likizo mafuriko yalipoingia ploti ya chini.
Njaa huenda, hurudi.
Kadi ya Sarange ina doa la mafuta ya chapati
na hulala mezani kabla hatujaulizana.

Zamu inapomfikia askari wa Osewe, aliyefia darajani,
mtu husema: omena.
Mwingine: ganda la mkate.
Na Sarange, kila mara, humtaja mtu
ambaye hakuwahi kuwa mchezoni:
ndizi za kuchoma, anasema,
zilizoungua upande mmoja.
Tunangoja kidogo.
Dadu linazunguka, linazunguka.
Meza haitikisiki.